Ibada ni Kukutana na Mungu Aliye Hai

Mwamini anaweza kuhudhuria Misa Takatifu kila Dominika kwa miaka mingi, akazijua nyimbo zote na majibu yote, na bado asiwe amezungumza na Mungu kwa dhati hata mara moja. Anapofikwa na msiba au ugonjwa, husali kama anayebisha hodi kwa mtu asiyemfahamu. Ndiyo maana yatupasa kujiuliza: ibada ya Kikristo ni nini hasa?

Injili ya Yohane, sura ya 4, yatupatia mwanga. Yesu, akiwa amechoka kwa safari, anaketi kando ya kisima cha Yakobo na kumwomba mwanamke Msamaria maji ya kunywa. Mazungumzo yanapofika kwenye ibada, mwanamke anauliza juu ya mahali: watu waabudu mlimani kama Wasamaria, au Yerusalemu kama Wayahudi? Yesu anamwelekeza kwa Baba, anayewatafuta watu wamwabudu katika roho na kweli. Tuzingatie kwamba kabla ya hapo Yesu alikwisha kuyagusa maisha ya mama huyo, pamoja na habari za waume zake watano, naye hakukimbia. Ibada ya kweli huanza pale tunapokubali kujulikana na Mungu jinsi tulivyo.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inaianza sehemu yake ya nne kwa kufundisha kwamba fumbo la imani tunalolikiri na kuliadhimisha, tunapaswa pia kuliishi katika uhusiano hai na wa binafsi na Mungu. Uhusiano huo ndio sala. Mtakatifu Teresia wa Avila (1515–1582), aliyetangazwa kuwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 1970, aliielewa sala kuwa ni urafiki unaokuzwa kwa kuongea mara kwa mara na Mungu atupendaye.

Je, Liturujia, ambayo maneno yake yamekwisha kuandikwa, yaweza kuwa mazungumzo ya namna hiyo? Naam. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulitaka waamini washiriki kikamilifu, wakijua wanachokifanya, wala wasiwe watazamaji tu. Tuchukue mfano mmoja. Padre anaposema "Tuombe", hufuata kimya kifupi kabla ya Sala ya Mwanzo. Kimya hicho si cha kumsubiri padre afungue kitabu. Ni nafasi ya kila mmoja kutaja moyoni nia yake: ada ya mtoto, mgonjwa aliye nyumbani, shukrani kwa mavuno. Kisha padre huzikusanya nia zote na kuzitolea kwa Baba, kwa njia ya Kristo, nasi tunaitikia "Amina". Kimya cha baada ya homilia na cha baada ya Komunyo navyo vina kazi yake: kulipokea Neno tulilolisikia, na kumshukuru Bwana tuliyempokea.

Hata hivyo, uhusiano wa binafsi si ubinafsi. Bwana alitufundisha kumwita Mungu Baba yetu, wala si Baba yangu. Tena, katika Injili ya Mathayo, sura ya 5, anamwagiza mwenye kukumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka yake mbele ya altare, akapatane naye kwanza. Anayemkwepa jirani yake katika Jumuiya Ndogo Ndogo hawezi kusema kwamba yeye na Mungu wake wanaelewana.

Basi, Dominika ijayo tufike mapema kidogo, tukiwa na nia moja tuliyoiandaa nyumbani. Tuutumie vema ule ukimya tunaopewa. Na baada ya Misa, tumtafute yule tuliyekosana naye. Roho Mtakatifu atujalie kusali kama watoto wanaomfahamu Baba yao.