Shangi: kiazi cha haraka kisichosubiri soko

Ukipita Nyandarua, Nakuru au Meru, viazi mbatata utakavyoviona kwa wingi shambani ni Shangi. Mbona wakulima wanaipenda hivyo, na mbona wengi hulia kuhusu bei wakati wa mavuno? Majibu yote mawili yamo katika tabia za kiazi chenyewe.

Faida zake

Shangi hukomaa kwa takriban miezi mitatu na huzaa vizuri. Ngozi yake ni nyeupe, na macho yana rangi ya waridi. Jikoni huiva upesi, kwa hiyo huokoa kuni, na hufaa kwa mukimo, mchuzi na chipsi.

Tatizo lake

Shangi huanza kuchipua kabla ya mwezi mmoja kuisha tangu kuvunwa. Kwa anayetafuta mbegu ya msimu ujao, hiyo ni faida. Kwa anayengoja bei ipande, ni hasara: kiazi kilichochipua husinyaa, hupungua uzito na mnunuzi hukikataa. Dalali anajua huwezi kungoja, ndiyo maana anakupangia bei.

Ufanye nini?

- Tafuta mnunuzi kabla ya kuvuna.
- Ikiwa una maji ya kunyunyizia, usipande shamba lote siku moja. Acha nafasi ya wiki mbili au tatu.
- Sehemu ya shamba panda aina inayokawia kuchipua, kama Sherekea, ingawa hiyo huchelewa kukomaa.
- Kata mashina wiki mbili kabla ya kuvuna ili ngozi ikaze na viazi visichubuke.
- Viazi vya kula viweke gizani, mahali penye baridi na hewa. Vya mbegu vitandaze penye mwanga, lakini si juani. Vilivyogeuka kijani visiliwe, vina sumu.

Magonjwa

Wakati wa mvua na baridi, kagua majani mara kwa mara, kwani Shangi hushambuliwa na ugonjwa wa baka. Dawa hufanya kazi vyema ikipulizwa mapema. Mnyauko wa bakteria hauna dawa: ng'oa mmea mgonjwa pamoja na viazi vyake, tumia mbegu iliyothibitishwa, na usipande viazi, nyanya wala pilipili hoho hapo kwa misimu kadhaa.

Kwa hiyo mkulima, kabla hujapanda Shangi, jiulize: nitavuna wiki gani, na nitamuuzia nani?