Kabla Hujaisugua: Namna ya Kupima Sarafu ya Zamani

Katika kartie ya Murara, komini ya Karisimbi, jirani na soko la Virunga, hata mtoto anajua kukagua dola. Anaigeuza, anaiinua kwenye mwanga, anapitisha kidole pembezoni akitafuta mchaniko. Ukionekana, hata uwe mdogo kama ncha ya ukucha, noti inarudishwa kwa mwenyewe. Kambiste, yaani mbadilisha fedha, anaenda mbali zaidi: anasoma mwaka wa toleo, anatafuta doa la wino, anaangalia kama mkunjo umefifisha sura ya rais wa Marekani. Tangu benki zilipofunga milango mjini Goma mwishoni mwa Januari 2025, noti safi zimekuwa adimu na ukaguzi huo umezidi kuwa mkali.

Mkusanyaji wa sarafu za zamani hufanya kazi hiyohiyo. Sarafu mbili za mwaka mmoja, zilizopigwa na kiwanda kimoja, zinaweza kupishana bei mara kumi au zaidi, na sababu pekee ni hali ya uso wake. Kwa hiyo watu wa Murara tayari wana nusu ya ujuzi. Nusu iliyobaki ndiyo inayowagharimu, kwa kuwa sarafu haifuati sheria za noti. Noti inapendwa ikiwa safi. Sarafu ya shaba iliyosafishwa ikawaka kama mpya, kwa mnunuzi anayejua, imeharibika.

Katika makopo ya zamani yanayotunzwa majumbani humu utakuta mchanganyiko: falanga za Wabelgiji zenye tembo, makuta zenye sura ya Mobutu, na mara nyingine sarafu za Mwingereza zilizoandikwa East Africa. Hizi za mwisho huwashangaza vijana, maana Kongo haikutawaliwa na London. Lakini mpaka wa Uganda uko karibu. Wafanyakazi waliovuka kwenda kwenye mashamba ya pamba na kahawa ya Uganda walilipwa shilingi, na wafanyabiashara waliopita Bunagana au Kasindi walirudi nazo. Shilingi hizo zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919 na kuwa na makao yake London. Bodi ilianza mwaka 1920 na sarafu iliyoitwa florini, ikaiacha upesi, na mwaka 1921 ikaleta shilingi, mbili kwa florini moja. Florini nyingi zilirudishwa na kuyeyushwa. Ndiyo maana florini ya 1920 iliyo katika hali nzuri ni kitu cha kushika kwa mikono miwili.

Ila sarafu inayozua maneno mengi kuliko zote ni ndogo na haina fedha hata chembe. Ni senti 10 ya mwaka 1936, ya shaba iliyochanganywa na bati, yenye tundu katikati na pembe za ndovu zilizopinda kuzunguka tundu hilo. Upande wa pili kuna taji, na pembeni limeandikwa kwa Kilatini jina la mfalme Edward wa Nane. Mfalme huyo alirithi kiti tarehe 20 Januari 1936 na kukiacha tarehe 11 Desemba mwaka uleule, kabla hata hajavikwa taji. Sarafu za Uingereza zenye sura yake hazikuwahi kutolewa kwa umma. Zilipigwa chache tu za majaribio, na pauni moja ya dhahabu ya aina hiyo, yenye tarehe ya 1937, iliuzwa mwaka 2020 kwa pauni milioni moja za leo.

Kwa nini basi jina lake lilifika mikononi mwa mchuuzi wa Kampala na pengine wa Goma, wakati Mwingereza wa London hakulipata? Sababu ni lile tundu. Mchongo wa sura ya mfalme huchukua miezi kuandaliwa na kuidhinishwa, na Edward alikuwa na mvutano na wachongaji: desturi ilimtaka atazame kulia, yeye akashikilia kutazama kushoto. Sarafu yenye tundu haina nafasi ya sura. Kiwanda kilihitaji kubadili jina tu, kazi ikaendelea. Senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki za mwaka huo zilipigwa kwa mamilioni, London na pia Birmingham. Ukiona herufi ndogo H, hiyo ni ya kiwanda cha Heaton. KN ni ya King's Norton.

Hapo ndipo udanganyifu unapoingia. Mtu anasikia habari ya pauni milioni moja, analiona jina la Edward kwenye senti 10 ya babu yake, anaamini amepata utajiri. Mwingine, mjanja zaidi, anaitumia habari hiyohiyo kumuuzia jirani. Mfalme ni yuleyule, lakini uadimu si uleule. Senti 10 ya 1936 iliyochakaa haifikishi bei ya sahani ya ugali na sambaza. Uadimu hupimwa kwa idadi ya sarafu zilizobaki. Mfalme aliyeandikwa haupimi, wala umri. Zipo sarafu za Kirumi za miaka elfu moja mia sita zinazouzwa kwa bei ndogo kwa sababu ziko nyingi mno, na ipo peni ya Uingereza ya mwaka 1933 ambayo zinazojulikana zinahesabika kwa vidole.

Hata hivyo senti 10 hiyo hiyo ya 1936, ikiwa haijawahi kupita sokoni, ikiwa bado ina wekundu wa shaba iliyotoka kiwandani, inakuwa jambo jingine kabisa. Zilizobaki hivyo ni chache kuliko zilizochakaa, maana ilikuwa pesa ya chumvi na kiberiti, ikizunguka kila siku mikononi mwa watu.

Tuchukue mfano wa shilingi ya Afrika Mashariki ya mfalme George wa Sita, ile yenye simba amesimama mbele ya milima. Usiishike usoni; ishike kwa ukingo, kati ya kidole gumba na cha shahada, juu ya kitambaa, ili ikianguka isijeruhiwe. Tumia mwanga wa upande mmoja, wa dirisha au wa taa moja, kisha iinamishe polepole. Anza na sehemu zilizoinuka, kwa kuwa ndizo zinazosagika mwanzo: manyoya ya shingo ya simba na bega lake, halafu upande wa pili nyusi za mfalme, sikio na vito vya taji. Kama kila unywele wa simba unaonekana na mng'ao unazunguka uso mzima unapoinamisha sarafu, hiyo haikutumika. Kama mng'ao umebaki kwenye mabonde tu, karibu na herufi, huku sehemu zilizoinuka zimekuwa kijivu, ilitumika kidogo. Manyoya yakiwa yameungana kuwa bonge moja laini lakini mwili wa simba ungali na umbo, ni sarafu ya wastani. Simba akibaki kivuli tu, na mwaka unasomeka kwa kubahatisha, iweke kwa kumbukumbu ya familia.

Shilingi hiyo ina siri yake. Hadi mwaka 1946 ilikuwa na robo tu ya fedha, iliyobaki ni metali nyingine, shaba ikiwa kubwa zaidi. Inapochakaa, shaba hiyo hujitokeza kwenye shavu la mfalme kama wekundu au umanjano. Mtu asiyejua hudhani ameuziwa bandia iliyopakwa fedha. Kuanzia 1948 fedha iliondolewa kabisa, ikaja shaba na nikeli, na rangi yake inabaki baridi hata ikisagika. Tazama pia maandishi: za mwanzo zina IND:IMP, cheo cha mfalme kama kaizari wa India. India ilipopata uhuru mwaka 1947 cheo hicho kilifutwa kwenye sarafu zilizofuata. Kwa herufi hizo sita unaweza kujua kama mkononi kuna fedha, hata mwaka ukiwa umefutika.

Kuna kosa moja ambalo hata wazoefu hulifanya. Sarafu nyingine hutoka kiwandani na sehemu zisizochomoza vizuri, kwa sababu nyundo ya mashine haikugonga kwa nguvu ya kutosha au muhuri ulikuwa umechoka. Ukiona manyoya ya simba yamefifia, usiharakishe kusema imetumika. Inamisha. Palipofifia pakiwa pangali paking'aa sawa na uso mwingine, kosa ni la kiwanda. Pakiwa pamekufa, pa kijivu, ni vidole vya watu.

Waingereza hutaja ngazi hizi za uchakavu kwa majina yao. Katika katalogi za Kifaransa na Kibelgiji utakuta vifupisho TB, TTB, SUP na FDC, kutoka iliyotumika sana hadi ile isiyoguswa. Wamarekani hutumia namba 1 hadi 70, kipimo alichokibuni William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchi yao. Sioni haja ya anayeanza kukariri namba. Ajifunze kwanza kuona simba.

Sasa kusugua. Ndimu, majivu, mchanga, dawa ya meno, dawa ya kung'arishia shaba: nimeona sarafu zilizopita kwenye hivyo vyote. Asidi ya ndimu huyeyusha ngozi ya kahawia ambayo shaba hujijengea kwa miaka mingi, na chini yake hutokea rangi ya waridi isiyo na uhai. Ngozi ile haitarudi kama ilivyokuwa. Mchanga huacha mikwaruzo myembamba iliyolala upande mmoja, inayoonekana wazi kwa lenzi ya kukuza mara 10. Alama nyingine ni uchafu mweusi uliobakia kuzunguka miguu ya herufi wakati uwanja wote unawaka. Mnunuzi akiona hayo anashusha bei au anaondoka. Kinachoruhusiwa ni maji safi ya kuondoa udongo na kitambaa laini cha kugusagusa bila kusugua, basi.

Goma ina maadui wake wa sarafu ambao vitabu vya Ulaya haviwataji. Moshi wa volkano ya Nyiragongo hufanya mvua yetu kuwa na asidi. Kila mwenye nyumba anajua namna mabati yanavyooza mapema. Sarafu iliyofichwa mahali panapovujiwa hupata vidonda, na zinazoumia haraka ni za shaba njano, kama ile falanga 2 ya Kongo ya Wabelgiji ya mwaka 1943 yenye pembe sita na tembo. Asidi hula zinki na kuacha mabaka mekundu ambayo hayatibiki. Kisha kuna moto. Lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na nyumba nyingi za mbao ziliungua. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 tu, kwa hiyo sarafu za likuta moja na falanga nyepesi za metali hiyo zilizokuwa ndani zilikuwa za kwanza kupotea. Fedha safi hustahimili hadi nyuzi 961, lakini sarafu ya fedha iliyopata joto chini ya hapo huweza kutoka na malengelenge usoni. Sarafu ya namna hiyo haina ngazi katika katalogi yoyote. Mimi naiona ni ushahidi wa mji wetu, na ningeitunza pamoja na maelezo ya nyumba ilikotoka.

Kuhusu bandia, Goma ina nafasi nzuri kwa sababu wanunuzi wa dhahabu wana mizani ya kupima sehemu ya mia ya gramu. Pauni ya dhahabu ya Uingereza ina gramu 7.98, kipenyo cha milimita 22, na dhahabu ya karati 22. Falanga 5 ya fedha ya mfalme Leopold wa Pili, iliyopigwa kati ya 1887 na 1896 kwa ajili ya dola lake la Kongo, ina gramu 25, na fedha yake ni sehemu 9 kati ya 10. Hiyo inaigizwa sana. Ikipungua gramu mbili au tatu, iache. Ikivutwa na sumaku, iache. Tazama ukingo: mstari unaozunguka kama mshono unaonyesha imemiminwa kwenye kalibu, na vitundu vidogo usoni ni mapovu ya hewa. Sarafu halisi iligongwa. Herufi zake zina miguu mikali. Ni vizuri pia kujua kwamba kuna pauni bandia zilizotengenezwa kwa dhahabu halisi, hivyo uzito pekee hautoshi kwa anayelipia zaidi ya thamani ya metali.

Aliye na kopo lake nyumbani asianze kwa kutafuta mnunuzi. Atenganishe shaba na fedha, aweke kila sarafu katika bahasha ndogo ya karatasi kavu, mbali na ukuta wenye unyevu. Plastiki laini isitumike, kwani ile yenye klorini huacha utelezi wa kijani unaokula metali. Juu ya bahasha aandike kwa kalamu ya risasi, kabla ya kutia sarafu ndani: ilikuwa ya nani, alifanya kazi wapi, aliileta mwaka gani kama unajulikana. Wazee waliovuka Bunagana na shilingi mfukoni wanazidi kupungua. Wakati wangali wapo, mwulize babu au bibi leo jioni sarafu ile aliipata wapi, uandike anavyosema.