Otieno Alienda Ng'ambo, Atieno Akabaki Jericho

Neno lililoninasa ni "siasa". Lilikuwa kwenye jalada la kijitabu cha Kijaluo cha mwaka 1959, na kwa wiki mbili sasa halijanitoka akilini.

Nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa. Jamaa yangu aliyeko Marekani alinisimulia kuhusu ufadhili wa Olmsted, ambao tangu 1959 huwachukua maafisa vijana wa jeshi la huko, ukawafunza lugha ya kigeni, kisha ukawapeleka miaka miwili wasome chuo kikuu cha ng'ambo kwa lugha hiyo hiyo. Afisa mwenye familia haendi peke yake. Mke au mume hufunga safari naye pamoja na watoto, na mwenzake hulipiwa masomo ya lugha vilevile. Nikajiuliza: mwaka huo wa 1959, sisi wa Nairobi tulikuwa tukiwasafirishaje wasomi wetu? Ndipo nikaangukia vile vijitabu vitatu.

Vyote vinaitwa Otieno Jarieko, yaani Otieno mwenye busara. Vilichapishwa na East African Literature Bureau kwa watu wazima waliokuwa wakijifunza kusoma. Cha kwanza kinahusu "rito ngima", kutunza uzima. Cha pili ni "puro puothe", kulima mashamba. Cha tatu ni "siasa mar loch", siasa ya utawala. Mwandishi ni Barack H. Obama, baba yake yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Wakati huo alikuwa kijana wa kazi ya ofisi chini ya Elizabeth Mooney, Mmarekani aliyesimamia kampeni ya kuwafunza watu wazima kusoma na kuandika hapa Kenya.

Niliandika majina ya vijitabu hivyo kwenye karatasi nikampelekea mwalimu mmoja mstaafu wa ngumbaru anayeishi mtaa wa Jericho, Eastlands ya Nairobi, katika nyumba ya kanjo ambayo amepanga tangu ujana wake. Amepita miaka themanini. Hataki jina lake litokee gazetini, kwa hiyo nitamwita Mwalimu, kama anavyoitwa na mtaa mzima.

Alivaa miwani, akaiweka karatasi juu ya kitambaa cha meza alichokishona mwenyewe, akaanza kusoma kwa sauti huku kidole kikifuata chini ya kila neno. Si kwamba hawezi kusoma bila kidole. Alifundisha hivyo tangu kampeni ya 1979, na mkono umezoea. Alipofika kwenye "siasa", kidole kikasimama.

"Hilo si neno letu," akasema. "Hilo ni Kiswahili."

Kisha akanieleza jambo ambalo mtu asiyefunza watu wazima hawezi kulijua. Katika kitabu cha ngumbaru, kila neno jipya lina gharama. Mwanafunzi ametoka kibaruani, macho yamechoka, vidole vimezoea jembe au beleshi na si penseli. Ukimtupia maneno mapya matano kwa ukurasa mmoja, kesho haji. Kwa hiyo mwandishi huyahesabu maneno kama mama anavyohesabu vijiti vya kiberiti. Neno geni halitiwi kwa urembo. Linatiwa kwa sababu mwandishi ameona msomaji wake hawezi kuishi bila hilo. Na huyu akaliweka "siasa" juu kabisa, kwenye jina la kitabu, mwaka ambao Hali ya Hatari ilikuwa haijaondolewa, vyama vya kitaifa vya Waafrika vikiwa marufuku na Kenyatta akiwa kizuizini Turkana.

Nilidhani tumemaliza. Mwalimu hakuwa amemaliza.

"Na mke wake anaitwa nani?" akauliza.

Nikaanza kumweleza habari za Kezia, mke wa mwandishi. Akanikata kwa mkono. "Sikuulizi mwandishi, mwanangu. Nauliza huyu Otieno."

Alirudi kwenye karatasi. Uzima wa watoto nyumbani, unatunzwa na nani? Shamba, jembe linashikwa na nani? Katika madarasa yake ya jioni wanafunzi wengi walikuwa wanawake, na asubuhi waliamka kufanya yale yale ambayo majalada haya yanamsifia Otieno. Akachukua penseli. Karibu na kila "Otieno" akaandika, kwa herufi kubwa za ubaoni, "Atieno". Otieno ni mvulana aliyezaliwa usiku. Atieno ni msichana aliyezaliwa usiku ule ule. Tofauti ni herufi moja.

Hapo ndipo aliponisimulia habari zake mwenyewe. Mumewe alikuwa askari. Alipelekwa kozi ng'ambo, kwanza ajifunze lugha ya wenyeji, kisha asome ufundi kwa lugha hiyo. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja. Mwalimu akabaki Jericho na watoto wawili, na barua zikaja zikiwa na salamu za kigeni juu kabisa, mume akijivunia alichojifunza. Mwalimu, mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kufunza watu kusoma, alishika barua ya mumewe na mstari wa kwanza ukamshinda.

Mume alirudi salama. Aliheshimiwa kambini na akapanda cheo. Lakini tangu hapo kila mwisho wa mwezi, alipokuwa akihesabu mshahara mezani, midomo ilimtikisika kwa lugha ile ya ng'ambo. Mwalimu alinionyesha jinsi alivyofanya: kidole gumba kikisukuma noti moja moja, sauti ya chini isiyoshikika. Aliniambia hakuwa akificha pesa. Ni kwamba hesabu ilikuwa imehamia katika chumba cha kichwa chake ambacho yeye mkewe hakupewa ufunguo.

"Sikumlaumu," alisema. "Ila hakuna aliyeniuliza kama nami nataka kujifunza."

Nimeisikiliza sentensi hiyo tena na tena, kwa sababu ndiyo historia ya nyumba ya mwandishi wa kijitabu pia. Hussein Onyango, babake mwandishi, alikuwa mpishi katika jeshi la kikoloni la Keya na Vita vya Pili vya Dunia vikamfikisha Burma. Mkewe Sarah, aliyebaki akilea watoto, hakupata kwenda shule, na mtoto aliyemlea ndiye aliyekuja kuandika vitabu vya kuwafunza wengine kusoma. Mtoto huyo naye akaoa, akaishi na Kezia Nairobi. Simulizi zinazorudiwa mara nyingi zinautaja mtaa huu huu wa Jericho. Mwaka 1959, Mooney na wenzake wakimsaidia kwa karo, alisafiri kwenda Chuo Kikuu cha Hawaii, mwanafunzi wa kwanza Mwafrika hapo. Kezia alibaki na mtoto mdogo, na mwingine tumboni. Huyo wa tumboni ni Auma, aliyezaliwa 1960 baba akiwa ng'ambo.

Kule Honolulu baba alijiandikisha darasa la Kirusi, na ndani ya darasa hilo akakutana na Ann Dunham, mama wa yule rais. Yaliyofuata dunia inayajua. Auma alipokua, naye akaenda ng'ambo, akasomea Kijerumani huko Heidelberg, akapata uzamifu Bayreuth 1996. Alipoandika kumbukumbu za maisha yake, aliziandika kwa Kijerumani. Je, Kezia alipata kusoma maneno ya bintiye katika lugha ambayo binti aliyaandika? Na ile Otieno Jarieko, aliwahi kuishika mkononi? Kezia na Mama Sarah walifariki 2021, wakipishana kwa majuma mawili.

Eastlands imejaa majina ya wanaume walioondoka. Kariokor ni Carrier Corps, wapagazi wa vita vya kwanza. Soko la Burma linakumbusha vita vya pili. Sijapata mtaa, soko wala kichochoro kilichopewa jina la wake waliobaki, ingawa wao ndio waliolipa kodi za vyumba hivi mwezi baada ya mwezi.

Mtu anaweza kusema ufadhili wa Olmsted ni wa nchi tajiri. Ni kweli. Lakini kitabu cha lugha, na kiti kimoja zaidi katika darasa la jioni hapa Nairobi, si bei ya ndege. Mke angeweza kujifunza salamu zile zile akiwa Jericho.

Nilipoondoka, Mwalimu alinirudishia karatasi yangu ikiwa na masahihisho yake. Kama wewe ni askari, au mwalimu, au mwanafunzi, na unajaza fomu ya kwenda kusoma ng'ambo mwaka huu, waulize wafadhili swali lake kabla hujatia sahihi: mwenzangu naye atafunzwa lugha hiyo? Na hata wakikujibu la, muulize mwenzako kama anataka.