Ukibonyeza "Lipa" Mara Mbili, Pesa Inakatwa Mara Ngapi?

Uko kwenye kaunta ya supamaketi, foleni ni ndefu, bili ni shilingi 2,400. Unabonyeza "Lipa". Mtandao unasumbua, kile kiduara kinazunguka tu. Unabonyeza tena. Sasa roho iko juu: zimeenda 2,400 ama 4,800?

Kama umebonyeza kwenye skrini ileile, ni 2,400. Skrini ya malipo inapofunguka, programu hutengeneza namba ya kipekee ya malipo hayo, na kila ukibonyeza, ombi linaenda na namba hiyohiyo. Seva ikiiona mara ya pili hailipi upya. Inakurudishia jibu la kwanza.

Inaonekana rahisi, ila kuna mtego. Seva hushughulikia maombi mengi kwa wakati mmoja. Maombi yako mawili yakifika pamoja, kila moja linaweza kuuliza, "Hii imeshalipwa?", yote yakaambiwa bado, na yote yakakata pesa. Hapo hata sekunde haijaisha! Kwa hivyo kuangalia na kushika nafasi lazima kuwe tendo moja lisilogawanyika.

Fikiria choo cha kituo cha mafuta, ufunguo ni mmoja na unaning'inia msumarini, umefungwa kwenye kipande cha mbao usipotee. Wa pili haulizi kama kuna mtu ndani. Anaona msumari mtupu, anangoja. Lugha ya Haskell ina kitu kama hicho: kisanduku kiitwacho MVar, chenye nafasi ya kitu kimoja tu. Mmoja akikichukua, wengine husubiri kirudishwe. Lakini MVar hulinda ndani ya programu moja. Malipo yakipitia mashine nyingi, kazi hiyo huachiwa hifadhidata, ambayo hukataa namba ileile kuandikwa mara mbili.

Sasa, hapa ndipo mteja huumia. Ukifunga programu ukaanza malipo upya, namba mpya inatengenezwa. Seva haiwezi kujua kama unarudia bili ileile ama umenunua kitu kingine cha bei sawa. Kwake hayo ni malipo mawili, na yote ni halali.

Kwa hivyo kabla hujaanza upya, angalia salio na taarifa ya malipo, hata kama meseji haijaingia. Ikiandika "inasubiri", acha kwanza. Na kama zimekatwa mara mbili kweli, tutumie kodi za miamala yote miwili, si moja, kupitia sehemu ya msaada ndani ya programu.