Dizeli ya Zamani Inaposhtukashtuka: Kweli au Si Kweli?

Ukitoka Gatongora asubuhi kwenda kushika barabara kuu ya Thika, foleni hukulazimu kutambaa kwa gia ya kwanza na ya pili. Hapo ndipo dizeli ya zamani huonyesha ubovu wake: inavuta, inaachia, inashtuka. Washauri hawakosekani, na wengi wao huwatia watu hasara.

“Ikishtuka, nozo zimekufa.” Mara nyingi si kweli, na inaniuma kuona mtu akinunua nozo nne kabla paipu moja haijaguswa. Katika injini kama 3L na 5L za Toyota Hiace, pampu huyanyonya mafuta kutoka kwenye tangi. Paipu ikipasuka au mpira wa filta ukikauka, hewa huingia badala ya mafuta kutoka, kwa hiyo hutaona hata tone chini ya gari. Injini ikiwa taratibu, kila nozo hupuliza mafuta kidogo sana. Kiputo kidogo tu kinatosha kuivuruga. Mwambie fundi aunge kipande cha paipu angavu kati ya filta na pampu, awashe injini, kisha mtazame. Viputo vikipita mfululizo, fuateni viungo kimoja kimoja hadi kwenye tangi. Paipu ni pesa kidogo. Nozo ni karo ya muhula.

“Badilisha plagi.” Si kweli. Dizeli haina plagi za cheche. Ina hita plagi, kazi yake kusaidia injini kuwaka kwenye baridi, kama ile ya Julai huku Kiambu. Injini ikishapata moto, usizilaumu.

“Mafuta ya taa husafisha nozo.” Si kweli, na ni hatari. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu. Mafuta ya taa huiacha ijisage. Uchanganyaji wa mafuta ya taa kwenye dizeli ulienea hadi mwaka 2018 serikali ikayatoza mafuta ya taa shilingi 18 kwa lita ili kuukomesha.

“Lazima ipimwe kwa kompyuta.” Nusu kweli. Injini yenye pampu ya kimitambo haina cha kusomwa. Ila 1KD ya Prado inasomeka: mashine huonyesha presha ya mafuta inayotakiwa na iliyopo, na zikipishana, kagua valvu inayopima mafuta yanayoingia kwenye pampu. Hapa nasisitiza: ule mtindo wa kulegeza nati za nozo moja moja injini ikinguruma, ili kutambua iliyo mbovu, ni wa pampu za kimitambo pekee. Presha ya 1KD hutoboa ngozi, na jeraha hilo ni la kukimbizwa hospitali hata likionekana dogo.

“Tatizo lazima liwe la mafuta.” Si kweli. Valvu inayorudisha moshi kwenye injini, ikiganda wazi kwa masizi, huleta mshtuko uleule. Na injini ikitulia gari likiwa halina gia, kisha ikashtuka unapoachia klachi, angalia klachi yenyewe na mipira inayoishika injini.