Mtoto aliyefiwa aambiwe ukweli

MSIBA unapoingia nyumbani, familia nyingi za mijini huanza kwa kuwaondoa watoto. Hupelekwa kwa jirani au kwa shangazi, na wanapouliza, huambiwa kwamba baba amesafiri au mama amelala. Nia huwa njema, lakini wataalamu wa malezi wanaonya kuwa kauli hizo humzidishia mtoto uchungu.

Mtoto mdogo hulichukua neno kama lilivyo. Aliyeambiwa kuwa baba amesafiri hubaki akimngoja, na hujiuliza kwa nini hakuagwa. Aliyeambiwa kuwa mama amelala huweza kuogopa kufumba macho usiku.

Mwaka 1948, mwanasaikolojia Maria Nagy alichapisha utafiti uliohusu watoto 378 wa Budapest, Hungaria, na viunga vyake, wenye umri wa miaka 3 hadi 10. Alibaini kuwa walio chini ya miaka 5 hukiona kifo kama safari au usingizi, na kwamba ni kuanzia miaka 9 hivi ndipo wengi hutambua kuwa kifo humfika kila mtu. Hivyo, mzazi anayesema "amesafiri" huthibitisha kosa lile lile ambalo mtoto tayari analo.

Inashauriwa habari hiyo itolewe mapema, na mtu ambaye mtoto anamwamini, kwa maneno mepesi: baba amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii maumivu, na hatarudi. Mafundisho ya dini ya familia yaweza kufuata, bila kuuficha ukweli huo.

Mtoto pia aambiwe waziwazi kuwa hakusababisha kifo hicho. Wapo wanaoamini kimyakimya kuwa mama amekufa kwa sababu walimkasirikia au walikataa kutumwa.

Kuhusu mazishi, aelezwe kwanza atakayoyaona, yakiwamo kaburi na vilio vya watu wazima, kisha aulizwe kama angependa kwenda. Asilazimishwe. Akienda, awe na mtu wa kumshika mkono.

Huzuni ya mtoto huja na kuondoka. Anaweza kulia asubuhi na kucheza mpira mchana. Hiyo si dalili kwamba amesahau. Wengine hurudia kukojoa kitandani au hukataa kuachwa peke yao.

Kwa kijana, huzuni huweza kujitokeza kama hasira, ukimya au kushuka kwa masomo. Kauli ya waombolezaji, "sasa wewe ndiye baba wa nyumba hii", humtwika mzigo asioweza kuubeba na kumnyima nafasi ya kulia. Akizungumzia kujiua, au akiacha kula na kwenda shule, apelekwe haraka kwa mshauri nasaha au hospitalini.

Kumbukumbu nazo ni tiba. Nchini Uganda, katika miaka ya 1990, akina mama wanaoishi na virusi vya Ukimwi katika chama cha NACWOLA walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu, vyenye historia ya ukoo, picha na habari za utotoni mwao.

Familia isiyo na kitabu ina picha, kanga ya marehemu na jina lake. Kulitaja jina hilo hata baada ya matanga kuanuliwa humwonyesha mtoto kuwa anaruhusiwa kuuliza, kulia na kukumbuka.