Miguu inayowaka njiani: kwa wewe unayesafiri mbali kwa baiskeli



Ukiamka mapema hapa Nakivale utawaona kwenye barabara ya changarawe inayotoka Base Camp kuelekea Isingiro: vijana na wazee wamepakia mahindi, ndizi, makaa au samaki wa ziwani. Wengine wanaendelea mpaka Mbarara, zaidi ya kilomita 40. Labda wewe ni mmoja wao. Mimi pia nilikuwa hivyo kabla sijaanza kazi ya kujitolea kama VHT. Hali ile ya vidole kufa ganzi, halafu unyayo kuwaka kama umekanyaga jivu la moto, naijua vizuri.

Wengi wakitueleza wanasema "mishipa imekufa". Haijafa. Ukiendesha kwa saa nyingi, uzito wote wa kusukuma unapita sehemu moja ndogo ya unyayo. Mishipa ya fahamu iliyo kati ya mifupa ya vidole inabanwa, na damu inapita kwa shida. Joto nalo linafanya mguu uvimbe, hivyo kiatu kilichokutosha asubuhi kinabana saa sita mchana.

Kwa hiyo kabla hujaenda kununua dawa, chuchumaa uangalie pedali zako. Baiskeli nyingi hapa kwetu (au kinga, kama wengi tuliotoka Kongo na Burundi tunavyoita) zimepoteza ile mipira ya pedali, kimebaki chuma cha katikati peke yake. Chuma hicho ni chembamba kama kidole, na wewe unakisukuma maelfu ya mara kwa siku ukiwa na gunia nyuma. Mguu utaachaje kuuma? Kama huna fedha ya pedali mpya, mwombe fundi akufungie vipande viwili vya mbao ngumu, au akate tairi la zamani alizungushie mpaka pedali iwe pana. Vifungwe imara, visizunguke ovyo mguu ukateleza.

Kisha kiatu. Kandambili laini ni adui wa msafiri, kwa sababu inajikunja na chuma unakisikia moja kwa moja. Sandali ya tairi, ambayo vijana wengine wanaionea aibu, ni nzuri zaidi kwa kazi hii, maana soli yake ni ngumu na inasambaza uzito. Kama una raba, legeza kamba upande wa vidole kabla ya kuondoka, usisubiri maumivu. Ukienda kununua viatu, nenda jioni wakati mguu umeshavimba kidogo, upime vyote viwili.

Weka kwenye pedali sehemu pana ya mbele ya unyayo, nyuma kidogo ya vidole. Usisukume kwa vidole vyenyewe, wala kwa katikati ya unyayo. Urefu wa kiti pia una maneno yake. Mwambie mtu akushikie baiskeli, ukae, uweke kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke. Kiti kikiwa juu mno utanyoosha vidole kuitafuta pedali, na mshipa mnene wa nyuma ya kisigino utaanza kuuma. Kikiwa chini sana, magoti ndiyo yatalia. Najua mwenye mzigo mzito anapenda kiti cha chini ili miguu ifike ardhini haraka. Basi kishushe kidogo tu, usikishushe mpaka magoti yafike kifuani.

Kila nusu saa teremka. Vua viatu, chezesha vidole, tembea hatua chache. Kwenye mlima shuka usukume kwa mkono, hakuna atakayekucheka ila mtoto. Ukifika nyumbani osha miguu, ikaushe katikati ya vidole, iinue juu ya jerikeni kwa muda. Kama kisigino kinauma hasa hatua za kwanza za asubuhi, vingirisha unyayo juu ya chupa yenye maji ya baridi, na unyooshe shavu la mguu kwa kusukuma ukuta kwa mikono.

Sasa sikia hili vizuri. Ganzi ya baiskeli huisha dakika chache baada ya kuteremka. Ile isiyoisha, au inayowaka usiku hata siku ambayo hukuendesha, si ya baiskeli peke yake. Baba mmoja katika kijiji ninachohudumia alimeza diklofenaki za dukani wiki nyingi akilaumu pedali. Siku nilipomwomba avue kiatu, tulikuta msumari umetoboa soli na kuingia mguuni, naye hakuwa amesikia kitu. Kituoni walimpima, sukari ilikuwa juu sana. Kidonda kilichukua miezi kupona, na mguu ulibaki kwa bahati. Vidonge vile vilimpa vidonda vya tumbo pia.

Mwenye kisukari aangalie nyayo zake kila jioni, akimwomba mtoto amsaidie kama haoni, na atie mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa. Anayetumia dawa za kifua kikuu akisikia miguu inachoma, asiache dawa. Amwambie muuguzi, kwa sababu isoniazidi inaweza kuleta hali hiyo na vitamini B6 husaidia. Ukiona baka lililopauka au jekundu lisilosikia kuguswa, njoo upimwe ukoma. Unatibika, na dawa zake hutolewa bure. Na kama shavu la mguu mmoja tu limevimba na kuuma, au pumzi inabana, nenda kituoni siku hiyo hiyo. Usingoje gulio lipite.

Jambo la mwisho ni la mguu usio wako. Anayepakia mtoto kwenye keria asimwache aning'inize miguu karibu na spoku. Mguu wa mtoto ukiingia pale gurudumu likizunguka, ngozi ya kisigino inachunwa na mfupa unaweza kuvunjika. Mwombe fundi afunge kipande cha jerikeni la zamani kila upande wa gurudumu, na mtoto avae viatu. Ikitokea ameumia, osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa kitambaa safi, mlete kituoni pamoja na kadi yake ya chanjo, tuangalie pepopunda.